Mlamula na Kioo cha Televisheni

Kioo cha kompyuta ya Hellen kilipasuka siku ya Jumanne katika ofisi ya walimu, Kahororo, baada ya mwalimu wa michezo kuitupia furushi la jezi bila kuangalia. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Iliwaka, ikanguruma, ikatii kila ilichoambiwa, ila kioo kilikuwa cheusi upande mmoja na upande wa pili kimejaa mistari ya rangi. Alama za kidato cha tatu zilitakiwa Ijumaa. Basi jioni ile Hellen alirudi nyumbani Nyanga na kompyuta begani na waya wa HDMI mkononi, akaingia sebuleni kwa mama mkwe wake, akasema kwa adabu:

"Mama, naomba uniazime televisheni yako. Nataka iwe kioo cha kompyuta yangu kwa siku mbili tatu."

Kumwomba Evodia Kyaruzi televisheni si jambo la kusema ukiwa umesimama. Hellen alilijua hilo, akakaa.

Evodia alizaliwa Rubafu, akaolewa Nyanga akiwa na miaka kumi na tisa, na akafiwa na mumewe Yoeli watoto wao wawili wakiwa bado wa kufungwa vifungo vya shati. Kamala alikuwa darasa la nne, Annastella la pili. Shemeji walikuja kumweleza kwa upole kwamba kibanja, shamba lile la migomba na kahawa kuizunguka nyumba, ni kikubwa mno kwa mwanamke peke yake. Akawasikiliza mpaka mwisho, akawapa akamwani, zile punje za kahawa za kumkaribisha mgeni, watafune, akawasindikiza hadi njiani, na asubuhi iliyofuata akaanza kupalilia migomba kuanzia mwisho wa shamba. Hawakurudi tena na maneno yale. Alisomesha watoto kwa kahawa na ndizi, akawa mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri, na waliochelewa ibada walikuwa wakimjua kwa jicho lake kabla hawajamjua kwa jina. Methali aliipenda moja tu: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Aliwalea kwa hiyo, na kwa kweli hakumchelea mtu.

Televisheni ilinunuliwa na Kamala, dereva wa lori la Mwanza, mwezi mmoja kabla ya kumwoa Hellen. Mwanzoni Evodia aliiita dirisha la wavivu. Kisha mpiga video akaleta DVD ya harusi, na dirisha likapata kazi. Kila Jumapili, baada ya ibada na ndizi za mchana, alikuwa akiiwasha deki na kutazama sehemu ileile: keki inakatwa chini ya turubai uani kwake, halafu yeye mwenyewe anaingia akicheza, mikono juu, kilemba kinateleza. Aliitazama hadi mwisho, akaizima, akaenda kulisha kuku. Hellen, aliyekuja kuishi naye kwa sababu shule ya Kahororo ilikuwa karibu, alidhani mama mkwe anafurahia kucheza kwake. Hakujua kwamba macho ya mama yule yalikuwa yakipita juu ya vichwa vya wageni, kimoja kimoja, yakimtafuta mtu ambaye yalijua hayupo.

Mtu huyo ni Annastella.

Alikwenda Muleba kushona nguo kwa fundi mmoja, akapendana na Privatus, kijana wa Kikatoliki mwenye kahawa yake na pikipiki yake, na mwishowe akahamia kwake bila ndoa. Mzee wa kanisa binti yake amekimbilia kwa mwanamume: hebu fikiria jicho lile sasa linageukia wapi Jumapili. Kusema haki, Privatus hakuwa mhuni. Alituma wazee wake wawili Nyanga na barua ya posa. Evodia aliwauliza swali moja tu, ndoa itafungwa kanisa gani, na walipomjibu aliwarudishia barua haijafunguliwa. Hata akamwani hakuwapa. Anayejua desturi za huku anajua kwamba kumnyima mgeni punje za kahawa ni kumwambia njia uliyojia unaiona.

Siku ile ile alimpigia Annastella simu, akamwambia maneno ambayo jirani walio karibu waliyasikia.

"Hutavuka mlamula wa baba yako mpaka ufunge ndoa katika kanisa ulilobatizwa."

Mlamula ni mti mwembamba wenye majani marefu yaliyochongoka, hupandwa kwa mstari kati ya kibanja na kibanja. Hauna tunda wala kivuli cha maana. Kazi yake ni kusema hapa ndipo kwangu panapoishia. Mhaya anaweza kukusamehe mbuzi wako aliyekula maharage yake, lakini ukimsogezea mlamula mtakutana kwenye baraza la ukoo. Kwa hiyo neno lile halikuwa neno la hasira la kupita, na Annastella hakulichukulia hivyo. Katika maisha yake alimwasi mama yake mara moja tu, kwa Privatus, na nadhani nguvu zote za uasi ziliishia hapo.

Ilipokaribia harusi, Kamala alimbembeleza mama yake amwite dada. "Anajua la kufanya," Evodia akajibu, na hakuongeza. Lakini kitenge cha bluu cha sare ya familia alikinunua vipande vya watu wote, na kipande kimoja akakifungia sandukuni. Siku ya harusi alikwenda mlangoni mara nyingi kuliko mtu mwenye wageni anavyohitaji. Ukweli ni kwamba alitaka aasiwe tena. Alitaka binti aje tu, avuke, apite katikati ya watu na kupiga magoti, ili mama apate sababu ya kumwinua. Annastella hakuja. Evodia alicheza vile kwa nguvu, kilemba kikateleza, ili watu wasimwangalie usoni.

Kesho yake, Jumapili, mke wa jirani Karugendo alileta kopo la senene wa kukaanga. Ilikuwa ajabu, maana nyumba ile ilisifika kwa mkono mfupi, lakini Desemba ile senene walikuwa wengi na Evodia hakuuliza. Walikuwa wamekaangwa vizuri, wakavu, chumvi kwa kiasi. Alikula karibu kopo zima, akafuta vidole, akachukua simu na kumpigia binti yake.

"Harusi ya ndugu yako mmoja tu," alisema. "Watu wananiuliza binti yako yuko wapi, mimi natazama chini. Basi. Kuanzia leo sina binti."

"Ma, lakini mimi nilikuwa..."

Evodia akakata simu.

Machi iliyofuata Annastella aliugua malaria, ikampanda kichwani. Privatus alipiga simu siku ya tatu. Siku ya nne mchana Evodia alishuka kwenye gari Muleba na kukuta wanawake wameketi chini kwenye majani, wakilia. Kwa kuwa barua ya posa haikupokelewa na mahari hayakutolewa, kwa desturi marehemu alikuwa bado binti wa kwao, na binti wa kwao huzikwa kwao. Wakamleta Nyanga. Alivuka mlamula wa baba yake akiwa ndani ya sanduku, na hakuna aliyemzuia.

Mtu angetegemea Evodia avunjike. Hakuvunjika, na sababu yake ni mbaya kuisema lakini nitaisema: hasira ilimshikilia. Kila usiku alipoanza kujilaumu, alikumbuka kwamba hata yeye alikosewa, kwamba mtoto wa tumbo lake alikataa kuja kwenye harusi ya ndugu yake, na hapo akapata pa kuegemea. Sentensi ile iliyokatika kwenye simu aliimalizia mwenyewe, kila mara kwa namna yake. Nilikuwa naumwa. Nilikuwa sina nauli. Nilikuwa na kazi nyingi. Udhuru tupu, alijisemea. Akaamka, akaenda kanisani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mwanamke ambaye Hellen alimwomba televisheni.

"Chukua," Evodia alisema. "Usiiharibu tu."

Hellen alichomeka upande mmoja wa waya kwenye kompyuta na mwingine nyuma ya televisheni, akachukua rimoti na kuitafutia tundu sahihi. Kioo kikawa cheusi kidogo, kisha picha ya kompyuta ikatokea, kubwa, inang'aa. Evodia, aliyekuwa akichambua maharage, akaacha. Lakini Hellen alikunja uso. Alama ndogo za kushoto zilionekana nusu. Mstari wa chini wenye saa haukuonekana kabisa, na katika jedwali la alama safu ya mwisho ya majina ilikuwa imepotea.

"Inakula kingo," Hellen alisema.

"Inakula nini?"

"Kingo, Mama. Kompyuta inaleta picha nzima, ila televisheni inaivuta kuwa kubwa kidogo kuliko kioo, basi pembeni panabaki nje. Televisheni nyingi ziko hivi tangu zamani. Mpaka uiambie iache."

Akaingia kwenye mipangilio, akatafuta ukubwa wa picha, akabonyeza mara tatu. Picha ikajikunja kidogo, na pande zote nne zikajitokeza: alama nzima, saa, jina la mwanafunzi wa mwisho. Evodia alisimama, akasogea, akapima kwa vidole kile kilichoongezeka.

"Vidole vitatu kila upande," alisema. "Miaka karibu miwili inaninyang'anya vidole vitatu, nami nimekaa natazama. Ingekuwa kibanja tungekwenda barazani."

Hellen alicheka. Evodia naye alitabasamu, maana alikuwa na utani wake kavu akitaka. Na hapo ndipo wazo la mfuniko lilipomjia. Siku ya harusi mfuniko wa sufuria kubwa ya usharika ulipotea, na kwa muda wote huo alikuwa akimshuku Kokugonza, mwanakwaya mwenzake mwenye kapu lisilokosekana. Jiko la harusi lilikuwa upande wa kushoto wa ua, pale ambapo DVD ilikuwa ikikatika.

"Ile harusi unayo humo?"

"Ninayo, Mama. Mpiga video alitupa yote kwenye flashi, nikaihamishia humu."

"Jumapili tutaiangalia. Namtaka Kokugonza na kapu lake."

Jumapili ilipofika, alama zilikuwa zimeshapelekwa na waya ulikuwa bado mahali pake. Walikula, wakatoa vyombo, Hellen akafungua video na kuipeleka hadi kwenye keki. Kamera ya sehemu hiyo ilikuwa imesimamishwa juu ya miguu yake mbele ya turubai, haikutikisika kwa zaidi ya robo saa. Picha ilijaa kioo chote, na kushoto, kwa mara ya kwanza, jiko likaonekana: mafiga, moshi, na Kokugonza ameinama.

"Yule," Evodia alisema. "Sasa utaona."

Walingoja. Kokugonza alinawa mikono, akapangusa kwenye kitenge, akambeba mtoto wa mtu aliyekuwa akilia, akaenda naye. Kapu lake halikuonekana popote. Evodia aliguna, akaona amemdhulumu mwenzake, akawa anatafuta namna ya kulisema hilo bila kulisema. Ndipo macho yake yakahamia upande wa pili wa kioo.

Upande wa kulia turubai liliishia, ikafuata migomba michache, kisha mstari wa milamula, na ng'ambo yake kibanja cha Karugendo. Pale, mwisho kabisa wa picha, alikuwapo mtu. Mwanamke mwembamba mwenye sweta ya njano. Alikuwa amesimama peke yake, uzito wote ameuweka kwenye mguu mmoja, na mkono wa kushoto ameupitisha nyuma ya mgongo kushika kiwiko cha wa kulia.

"Nani yule?" Hellen aliuliza. "Mpita njia?"

Evodia aliujua mkao ule. Aliujua tangu mtoto akiwa na miaka mitano, amesimama mlangoni kwa namna ile ile akisubiri kuambiwa kama adhabu imekwisha. Unaweza kusahau sura ya mtu. Namna anavyosimama huwezi kuisahau.

Kwenye kioo keki ilikatwa, watu wakashangilia. Kisha Evodia wa mwaka juzi akaingia akicheza, mikono juu, na yule wa sweta ya njano akauachia mkono wake uliokuwa nyuma na kuanza kupiga makofi. Alipiga makofi muda wote wa wimbo. Majani ya mlamula yalikuwa yakimgusa magotini, na hakusogeza hata mguu.

"Simamisha," Evodia alisema.

Hellen akasimamisha. Alimgeukia mama mkwe wake, akaona uso wake, akaelewa bila kuambiwa. Picha za marehemu zilikuwa ukutani nyuma yao.

Evodia alitoka bila kuvaa viatu. Hakupita njia kuu kama alivyozoea. Alishuka moja kwa moja katikati ya migomba, akalipita kaburi la Annastella, akavuka milamula kwenye uwazi mdogo, akamkuta Karugendo akigeuza kahawa yake kwenye mkeka. Mzee yule alimtazama miguu, akamtazama uso, akaweka reki chini.

"Umejua," alisema.

"Alikuja saa ngapi?"

"Saa saba. Alipita kwangu kwa nyuma. Nilimwambia, mwanangu, pita, hizi ni hatua tatu. Akasema, Ma hajaniruhusu."

"Nawe hukuniita."

"Alinikataza, Mama Kamala. Alisema leo ni ya Kamala, Ma akiniona atalia mbele za watu au atanifukuza mbele za watu, na lolote kati ya hayo litamwaibisha. Nilimletea kiti akakikataa, eti akikaa hataona. Ulipomaliza kucheza alikimbilia gari la Muleba."

Karugendo aliiangalia kahawa yake.

"Lile kopo la senene ni lake," akasema. "Alikuja nalo kutoka Muleba. Alisema, mpeni kesho, mseme limetoka kwenu, akijua ni langu hatakula. Siku ya mazishi nilifika mpaka mlangoni kwako mara mbili nikwambie. Nikaona nikikwambia leo nitakuua. Kila siku nikasema kesho."

Hakumlaumu. Alitaka, alimtafutia hata neno, lakini neno lolote alilolishika lilikuwa na jina lake yeye mwenyewe. Ni nani alipanda kikwazo pale? Karugendo hakufanya zaidi ya kutii, kama mtoto yule alivyotii. Akashukuru, maana alilelewa kushukuru, akageuka.

Kwenye mlamula alisimama. Aliangalia pale kwenye uwazi, mahali miguu ya Annastella ilipokuwa, na kutoka pale akaitazama nyumba yake. Ua wote ulionekana. Mlango ambao siku ile aliuendea mara kumi na mbili akichungulia njia kuu ulikuwa wazi mbele yake. Kila alipochungulia, binti alikuwa akimwona. Mama alikuwa akingoja aasiwe, na mtoto alikuwa akimtii, hatua tatu kutoka kwake, na kati yao hapakuwa na kitu zaidi ya majani.

Alilia pale. Hakulia kama mzee wa kanisa. Alilia kwa sauti, ameshika shina la mlamula kwa mikono miwili, mpaka mke wa Karugendo akatoka ndani, akasimama mbali na kufunika mdomo. Mazishini alilia kwa staha na watu wakamsifu. Safari hii hapakuwa na hasira ya kumshikilia.

Aliporudi, Hellen alikuwa bado sebuleni. Hakuthubutu kuigusa kompyuta. Picha ilikuwa imesimama vilevile, viganja vya Annastella vimekutana. Evodia aliingia chumbani kwake, akasikika akifungua sanduku, akatoka na kipande cha kitenge cha bluu ambacho hakikuwahi kushonwa. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na televisheni, kitenge mapajani, akakikunjua, akakikunja.

"Mama, niizime?" Hellen aliuliza taratibu.

"Iache."

Wakakaa. Nje kuku walianza kulia njaa, kwa kuwa saa yao ilikuwa imepita. Hellen alitaka kunyanyuka akawalishe, lakini mama mkwe wake alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Siku ile nilipompigia simu," Evodia alisema, "alianza kusema, Ma, lakini mimi nilikuwa. Nikamkatia."

Hellen aliigeukia picha iliyosimama.

"Alitaka kuniambia alikuwa hapa."